Uangalizi wa Vijana Waliokosa katika Mpaka wa Busia na Malaba

Eneo la miji ya Busia na Malaba, pamoja na vijiji vinavyoizunguka upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda, lina historia ndefu ya vijana walioingia mikononi mwa sheria na kisha, badala ya kufungwa, wakawekwa chini ya uangalizi wa mtu mzima aliyekabidhiwa kazi hiyo. Uangalizi huo umepitia kwa walezi wengi: wazee wa ukoo, machifu wa serikali ya kikoloni, walimu wa shule za kurekebisha tabia, maafisa wa probesheni na, katika miaka ya karibuni, maafisa wa watoto. Kila mmoja wao alikabiliwa na swali lile lile, nalo ni nani anayestahili kumsimamia mtoto aliyekosa na amsimamie akiwa wapi. Historia ya eneo hili inaonyesha kwamba kila mara serikali ilipomtenga mtoto na watu wake ili imrekebishe, ilibidi hatimaye imrudishe kwao, na kwamba kwa mtoto wa mpakani kurudi huko kumekuwa kugumu zaidi, kwa sababu watu wake wamo katika nchi mbili.

Probesheni, ambayo wananchi wengi huitaja kama kifungo cha nje, ni amri ya mahakama inayomwacha mkosaji aendelee kuishi nyumbani kwa masharti, chini ya afisa anayemtembelea, anayempa mashauri na anayeiarifu mahakama kuhusu mwenendo wake. Nchini Kenya amri hiyo hudumu kwa muda usiopungua miezi 6 na usiozidi miaka 3, na anayeivunja hurejeshwa mbele ya hakimu ili akabiliwe na adhabu aliyokuwa ameepushiwa. Probesheni ni tofauti na shule ya kurekebisha tabia, ambako mtoto hulala, husoma na hufunzwa kazi ya mikono akiwa mbali na kwao, na ni tofauti pia na taasisi ya Borstal, iliyo chini ya Idara ya Magereza na inayopokea vijana wenye umri mkubwa zaidi. Njia hizi zote zilikuja kupitia Uingereza, lakini zilipofika ukingoni mwa mto Sio zilikuta watu waliokuwa na utaratibu wao wa kumlea na kumhukumu kijana.

Malezi na hukumu kabla ya mpaka

Kabla ya utawala wa Waingereza, nchi iliyo kati ya Ziwa Viktoria na miguu ya Mlima Elgon ilikaliwa na Wasamia, Wanyala, Wamarachi na Wakhayo, ambao leo huhesabiwa miongoni mwa Waluhya, na upande wa kaskazini, kuelekea Amukura na Malaba, na Wateso, ambao lugha na asili yao ni za Kinailoti. Kwa Waluhya, mambo ya ukoo yalizungumzwa kwenye oluyia, yaani uwanja wa moto ambapo wazee walikutana, walipokea habari na kuamua mashauri. Kwa Wateso, ukoo, ambao kwao huitwa ateker, ndio uliobeba wajibu wa kila mtu aliyezaliwa ndani yake. Katika jamii hizi zote, kosa la kijana halikuwa lake peke yake: aliyeiba mbuzi au kuchoma shamba la jirani alimtia baba yake deni, na deni hilo lililipwa kwa mifugo au nafaka ili ukoo uliokosewa uridhike na ugomvi usiendelee.

Baada ya fidia kulipwa, kijana alirudi chini ya macho ya watu wengi waliomfahamu. Mara nyingi aliyeshindikana kwa baba alipelekwa kwa mjomba, ndugu wa mama yake, ambaye katika jamii nyingi za eneo hili alikuwa kimbilio la mtoto aliyekosana na wa kwao, na huko alipewa kazi, akaonywa na kupimwa kwa muda kabla ya kurejeshwa. Katika vilima vya Samia, vilivyosifika kwa madini ya chuma na kwa wahunzi waliotengeneza majembe, kijana alishikizwa karibu na mafundi, ambao kwao ufundi ulirithishwa kutoka kwa baba hadi mwana, na nidhamu ya moto na nyundo ilikuwa sehemu ya malezi yake.

Utaratibu huo haupaswi kupambwa kupita kiasi. Wazee waliweza kuwa wakali, mgeni asiye na ukoo wa kumlipia fidia hakuwa na wa kumtetea, na msichana mara nyingi aliamuliwa jambo bila kuulizwa. Hata hivyo ulikuwa na sifa mbili ambazo sheria za baadaye zilichukua karibu karne nzima kuzifikia: mkosaji alitakiwa amtengenezee aliyekosewa, na aliyemwangalia kijana alikuwa mtu anayeishi karibu naye na atakayeendelea kuishi naye baada ya shauri kwisha.

Mpaka, kodi na shule ya Kabete

Uingereza ilitangaza ulinzi wake juu ya Uganda mwaka 1894 na juu ya Afrika Mashariki ya Kiingereza, ambayo ndiyo Kenya ya leo, mwaka 1895. Kwa miaka ya mwanzo nchi ya Busia ilikuwa ndani ya Uganda, kwa sababu mpaka ulipita mbali mashariki, katika Bonde la Ufa. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa Afrika Mashariki ya Kiingereza, hasa kwa ajili ya kuiweka reli nzima ya kutoka Mombasa hadi Kisumu chini ya utawala mmoja, na mpaka mpya ukawekwa kwenye mito ya Sio na Malaba. Wasamia na Wateso waligawanywa pande mbili, na kijana aliyemtembelea mjomba wake sasa alivuka kutoka himaya moja hadi nyingine, ingawa mto ulikuwa ule ule aliouvuka babu yake.

Upande wa Kenya eneo hili lilisimamiwa kutoka Mumias, makao ya Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga, na tangu mwaka 1920 kutoka Kakamega, likiwa sehemu ya wilaya iliyoitwa Kavirondo ya Kaskazini. Sheria za mwaka 1902 na 1912 ziliwapa machifu na wasaidizi wao, ambao katika wilaya hii waliitwa wazee wa milango, mamlaka ya kukusanya kodi, kutafuta vibarua na kuleta wakosaji. Kodi ya kichwa iliyoanza mwaka 1910 na kipande, yaani hati ya usajili iliyobebwa shingoni ndani ya kikopo cha bati kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1915 iliyotekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, vilichora mstari kwenye umri wa miaka 16. Kwa kuwa watoto wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, umri ulikisiwa kwa kutazama urefu, ndevu au meno, na makisio hayo ndiyo yaliyoamua kama aliyesimama mbele ya hakimu ni mtoto au mtu mzima.

Kodi iliwasukuma vijana kutoka vijijini kwenda mashamba ya walowezi ya Uasin Gishu na Trans Nzoia, kwenye mashamba ya chai ya Kericho, kwenye machimbo ya dhahabu ya Kakamega yaliyovuma kuanzia mwaka 1931, na hadi Nairobi. Reli iliyopita Eldoret na kuvuka mpaka Malaba ili kufika Tororo, na iliyoingia Kampala mwaka 1931, iliwarahisishia safari hiyo. Wavulana wengi walisafiri bila wazazi wala ruhusa, wakifanya kazi za jikoni, kubeba mizigo sokoni au kuchunga ng'ombe wa walowezi, na waliokosa kazi walikamatwa kwa sheria za uzururaji, ambazo zilifanya kutokuwa na makao na kazi inayojulikana kuwa kosa. Sheria ya uzururaji haikufutwa katika vitabu vya sheria za Kenya hadi mwaka 1997.

Adhabu iliyotumika zaidi kwa mvulana ilikuwa viboko, kwa sababu ilikuwa rahisi, ilimalizika siku moja na haikuhitaji gharama ya chakula. Waliorudia makosa au walioonekana kuwa sugu walipelekwa Kabete, nje kidogo ya Nairobi, ambako serikali ilikuwa imefungua shule ya kwanza ya kurekebisha watoto wakosaji karibu na mwaka 1910. Wazo la shule hiyo lilikuwa kwamba kijana ni wa kufinyangwa, na kwamba akiondolewa mahali palipomharibu, akafunzwa useremala, kilimo na utii, atatoka akiwa mtu mwingine. Kwa mtoto aliyetoka ukingoni mwa Sio, Kabete ilikuwa zaidi ya kilomita 400 kutoka kwao, katika nchi ya lugha nyingine, na wazazi wasio na nauli hawakuweza kumtembelea. Alipomaliza muda wake aliachiwa arudi kijijini ambako chifu alitarajiwa kumwangalia, lakini chifu huyo huyo ndiye aliyekuwa mkusanyaji wa kodi na mwandikishaji wa vibarua, na kwa sababu hiyo hakuwa mlezi ambaye familia ingemwendea kwa moyo mkunjufu.

Kuanzishwa kwa probesheni

Mizizi ya probesheni hutafutwa Boston, Marekani, ambako mwaka 1841 fundi viatu John Augustus alimdhamini mlevi mahakamani na akaahidi kumwangalia, kazi aliyoiendeleza kwa miaka mingi bila malipo na kwa mamia ya watu, wakiwemo watoto. Jimbo la Massachusetts liliifanya kuwa kazi ya serikali mwaka 1878, mahakama ya kwanza ya watoto ikafunguliwa Chicago mwaka 1899, na Uingereza ikapitisha sheria yake ya probesheni mwaka 1907. Makoloni yalichelewa. Kenya ilipata sheria ya watoto wakosaji mwaka 1934, iliyoelekeza kwamba mashauri yao yasikilizwe kando na ya watu wazima, lakini pasipo maafisa wa kuitekeleza, mahakimu wa wilaya za mbali waliendelea kutegemea viboko.

Mabadiliko yalikuja baada ya Alexander Paterson, kamishna wa magereza wa Uingereza aliyejulikana kwa kuzifanyia marekebisho taasisi za Borstal, kuzuru magereza ya Afrika Mashariki mwaka 1939, katika wakati ambapo magereza ya Kenya yalikuwa yamejaa watu waliofungwa kwa makosa madogo, na swali la kuwaweka wakosaji nje ya kuta lilikuwa limeanza kupewa uzito katika makoloni. Sheria ya Probesheni ya Kenya ilitungwa mwaka 1943, na huduma yenyewe ikaanza mwaka 1946.

Utendaji wa probesheni ulitofautiana na kila kilichotangulia kwa jambo moja kubwa, nalo ni uchunguzi wa nyumbani. Kabla ya hakimu kutoa amri, afisa alitakiwa kwenda kijijini, kuzungumza na wazazi, mwalimu, chifu na jirani aliyeibiwa, kisha kuiandikia mahakama ripoti inayoeleza kijana ni mtoto wa nani, amelelewa vipi, kwa nini alikosa na kama kuna mtu wa kumpokea. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1902, sheria ya serikali iliwauliza watu waliomfahamu mtoto maoni yao kabla ya kumwamulia. Wazee, ambao mamlaka yao ya kuhukumu yalikuwa yameondolewa au kukabidhiwa mahakama za Waafrika zilizoundwa na serikali, walirudi kwenye shauri kwa mlango wa ripoti hiyo, ingawa sasa walikuwa mashahidi wa tabia na hawakuwa waamuzi.

Upungufu ulikuwa mkubwa vilevile. Maafisa walikuwa wachache, walianzia mijini, na miaka ya 1950 iliielekeza nguvu ya serikali kwenye vita vya Mau Mau. Kambi ya vijana ya Wamumu, iliyofunguliwa katika nchi ya Embu katikati ya muongo huo kwa ajili ya wavulana waliozuiliwa wakati wa Hali ya Hatari, na ambayo Geoffrey Griffin, baadaye mwanzilishi wa Shule ya Starehe, alikuwa mmoja wa viongozi wake, ilisifiwa na serikali kama mfano wa kumbadilisha kijana kwa shule, michezo na ufundi, na baadaye ikawa shule ya kurekebisha tabia. Mfano wa Wamumu uliupa nguvu mtazamo wa kumhamisha mtoto na kumweka kwenye taasisi, wakati ambapo kazi ya kumwangalia nyumbani ilikuwa bado changa na maskini.

Wilaya mpya na biashara ya magendo

Kuelekea uhuru, eneo hili lilipata utawala uliokaribia zaidi wananchi. Wilaya ya Elgon Nyanza iliundwa mwaka 1956 kwa kutengwa na Nyanza ya Kaskazini, iliyoitwa awali Kavirondo ya Kaskazini, na mwaka 1963 Busia ikawa wilaya kamili katika Mkoa mpya wa Magharibi. Mwaka huo huo wa 1963 ulileta sheria mbili zilizotawala maisha ya vijana wakosaji kwa karibu miaka 40. Ya kwanza ilikuwa Sheria ya Watoto na Vijana, iliyowagawa walio chini ya miaka 18 katika makundi matatu: mtoto wa chini ya miaka 14, kijana wa miaka 14 na 15, na kijana mkubwa wa miaka 16 na 17. Ya pili ilikuwa Sheria ya Taasisi za Borstal, ambayo chini yake wavulana wa mkoa wa magharibi walipelekwa Shikusa, Kakamega, na wale wa Pwani walipelekwa Shimo la Tewa, kwa muda wa miaka 3.

Sheria ya Watoto na Vijana ilikuwa na kasoro iliyoonekana waziwazi mpakani. Iliruhusu aliyekosa na mtoto aliyetelekezwa, yaani aliyehitaji ulinzi au nidhamu, kupita kwenye nyumba zile zile za rumande na shule zile zile, hata mtoto aliyeokotwa sokoni kwa sababu hana mzazi akajikuta akilala na aliyevunja duka. Nyumba za rumande na shule za kurekebisha tabia zilizokuwa karibu na Busia zilikuwa Kakamega na Kisumu, na pale ambapo gari au nafasi vilikosekana, mtoto alisubiri katika korokoroni ya polisi pamoja na watu wazima.

Miaka ya 1970 iliongeza idadi ya watoto barabarani na aina ya makosa waliyoshtakiwa. Idi Amin alichukua madaraka Uganda mwaka 1971 na kuwafukuza Waasia mwaka 1972, biashara ikaporomoka, na bidhaa za kawaida kama sukari, chumvi na sabuni zikaadimika upande wa Uganda. Bei ya kahawa duniani ilipopanda baada ya baridi kali kuharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, kahawa ya Uganda ilivushwa kwa siri kuingia Kenya, hasa kupitia Chepkube katika nchi ya Bungoma, na biashara ya magendo ikawa ajira ya maelfu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na vituo vya forodha vikawa vikali zaidi. Vijana wa Busia na Malaba walitumiwa kubeba mizigo kupitia njia za panya, yaani vijia vya kichakani na vivuko vya mto visivyo na askari, na wengine wakaanza kuwabeba abiria kwa baiskeli katika eneo lililo kati ya vituo viwili vya mpaka, kazi iliyozaa boda boda inayojulikana leo Afrika Mashariki nzima.

Katika biashara hiyo mtoto alikuwa na thamani kwa sababu alionekana hana hatia, alijua njia, na akikamatwa alihukumiwa kwa wepesi kuliko mwenye mzigo. Mzigo ulikuwa wa mtu mzima aliyebaki nyuma, lakini jina lililoandikwa kwenye kitabu cha polisi lilikuwa la mtoto. Uangalizi wa probesheni ulijengwa juu ya dhana kwamba mkosaji ana nyumba moja, familia moja na chifu mmoja. Mpakani mvulana aliweza kusoma upande wa Kenya, kulala kwa nyanya yake upande wa Uganda na kufanya kazi katikati, na amri ya mahakama ya Busia haikuwa na nguvu ng'ambo ya mto. Vita vilivyomwondoa Amin mwaka 1979 na machafuko yaliyofuata Uganda viliwaleta pia watoto wasio na mzazi yeyote wa kutajwa katika ripoti. Afisa aliyetumwa kuuliza kijana ametoka wapi alifika mtoni na kusimama, kwa sababu mamlaka yake yaliishia hapo.

Haki za mtoto na tofauti ya sheria mbili

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 uliridhiwa na Kenya tarehe 30 Julai 1990, kisha na Uganda tarehe 17 Agosti 1990, zikiwa zimepishana kwa siku chache tu. Mkataba huo unaitaka kila nchi iweke umri ambao chini yake mtoto hawezi kushtakiwa kwa jinai, na ifanye kumfungia mtoto kuwa hatua ya mwisho kabisa. Hatua zilizofuata hazikwenda sambamba. Uganda ilipitisha sheria yake ya watoto mwaka 1996 na kuuweka umri huo kwenye miaka 12. Kenya ilipitisha Sheria ya Watoto mwaka 2001, ikaanza kutumika tarehe 1 Machi 2002, lakini kifungu cha 14 cha Kanuni ya Adhabu kikaachwa kama kilivyokuwa, kikiruhusu mtoto wa miaka 8 ashtakiwe, kwa sharti tu kwamba aliye chini ya miaka 12 athibitishwe kuwa alijua anatenda kosa. Kwa zaidi ya miaka 20, basi, mtoto wa miaka 9 aliyechukua mkate dukani katika Busia ya Uganda hakuweza kufikishwa mahakamani kwa jinai, na ndugu yake wa umri huo huo aliyefanya vivyo hivyo katika Busia ya Kenya aliweza kufikishwa. Hakuna mahali pengine katika historia hii ambapo ajali ya mstari wa mwaka 1902 ilimgusa mtoto kwa uzito kama hapo.

Hata hivyo Sheria ya mwaka 2001 ilileta mageuzi makubwa. Iliunda mahakama za watoto, ikakataza mtoto kufungwa gerezani au kuchapwa viboko kwa amri ya mahakama, ikazuia aliye chini ya miaka 10 kupelekwa shule ya kurekebisha tabia, na ikaelekeza kwamba mahakama isizungumzie kutiwa hatiani wala hukumu inapomhusu mtoto. Ilimpa hakimu hiari ya kumwachilia kwa onyo, kumweka kwenye probesheni, au kumkabidhi kwa mtu anayefaa, yaani jamaa au raia mwema aliyekubali kumlea chini ya usimamizi wa mahakama. Kwa kipengele hicho cha mwisho, mjomba na nyanya wa desturi walipata tena nafasi iliyotambuliwa na sheria. Kanuni zake ziliweka pia mipaka ya muda, ili shauri la mtoto lisilale kwa miaka huku akiwa rumande. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 53, iliipandisha kanuni hiyo hadi kuwa sheria kuu: mtoto asizuiliwe ila pale njia nyingine zote zimeshindikana, na iwe kwa muda mfupi unaofaa, akiwa ametengwa na watu wazima.

Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 26 Julai mwaka huo, ndiyo iliyoifikisha Kenya mahali Uganda ilipokuwa tangu mwaka 1996. Umri wa kushtakiwa kwa jinai umepandishwa kutoka miaka 8 hadi 12, na aliye chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hawezi kutenda jinai mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sheria hiyo imeweka pia utaratibu wa kumwepusha mtoto na mkondo wa mahakama, ambapo anayekiri kosa kwa hiari anaweza kuonywa, kuomba radhi, kurudisha alichochukua au kumfidia aliyekosewa, na kuhudhuria ushauri nasaha, bila kushtakiwa. Kumfidia aliyekosewa na kubaki chini ya macho ya watu wa nyumbani ni mambo ambayo wazee wa oluyia wangeyatambua mara moja, ila sasa yana ulinzi ambao wao hawakuwa nao: mtoto husikilizwa, msichana ana haki sawa na mvulana, na mgeni asiye na ukoo hutetewa na sheria.

Mwelekeo wa kazi iliyobaki

Historia hii haithibitishi kwamba desturi ya zamani ilikuwa kamilifu, wala kwamba taasisi zote zilikuwa za bure, kwa maana wapo vijana waliotoka Kabete na Shikusa na ufundi uliowalisha maisha yao yote. Inachothibitisha ni kwamba kilichoamua hatima ya kijana mara nyingi kilikuwa siku aliyorudi nyumbani, na kwamba serikali zote, kuanzia ya kikoloni hadi ya leo, zimetumia fedha na fikra nyingi kwa miaka aliyokuwa mbali na kidogo mno kwa siku hiyo. Afisa wa probesheni asiye na usafiri wa kufika Funyula, Nambale au Amukura hawezi kumwangalia mtoto aliyeko huko, hata kama sheria aliyonayo mkononi ni nzuri kiasi gani.

Mwaka 2018 marais wa Kenya na Uganda walizindua kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia, ambapo maafisa wa nchi zote mbili hukagua lori chini ya paa moja ili mzigo usikaguliwe mara mbili, na Malaba ina kituo cha aina hiyo. Nchi hizi zimeonyesha, kwa hiyo, kwamba zinaweza kushirikiana pale zinapoamua kuwa jambo lina thamani. Ushirikiano huo unapaswa sasa kufika kwa mtoto. Afisa wa watoto wa Busia ya Kenya na mwenzake wa Busia ya Uganda wanahitaji njia rasmi ya kupelekeana ripoti, ili nyanya aliyeko ng'ambo ya Sio atambuliwe kuwa mlezi halali, ili amri ya uangalizi imfuate kijana anapohamia kwa jamaa zake, na ili mtu mzima anayemtwika mtoto mzigo wa magendo atafutwe pande zote mbili. Sheria za nchi hizi mbili sasa zinakubaliana juu ya umri wa miaka 12. Wabunge, mahakama, serikali ya Kaunti ya Busia na viongozi wa upande wa pili wana wajibu wa kuzifanya zikubaliane pia juu ya ulezi, kwa sababu mtoto wa mpakani ni mmoja na anastahili walezi wanaozungumza wao kwa wao.